Fiksi ya kuokota: kuunda baiskeli isiyo na friwili hapa Kisumu, toka fremu mpaka barabara ya Ahero

Kila nikisimama Kondele kungoja magari yapite, lazima kijana mmoja aniulize hii baiskeli nilinunua wapi. Sikununua. Fremu ilitoka soko la Kibuye, krenki (ile mikono ya pedeli) ilitoka kwa baiskeli ya mtoto wa jirani iliyokanyagwa na lori, hendo ya usukani nilipewa bure, na gurudumu la nyuma nilitafuta karibu mwaka mzima. Sasa wacha niandike yote mara moja vile inafanywa, ju kuelezea mtu ukiwa umesimama kando ya barabara unaacha vitu vya maana, na kwa hii kazi ukiacha kitu cha maana mtu anaumia.

Kwa wale hawajui, fiksi ni baiskeli ya gia moja ambayo haina friwili, ile inayoacha gurudumu lizunguke pedeli zikiwa zimesimama. Sproketi ya nyuma, ile ya meno ya cheni, imekazwa moja kwa moja kwa habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hivyo gurudumu likizunguka pedeli zinazunguka. Huwezi kuacha kupiga pedeli hata kwa mteremko. Ukitaka kupunguza mwendo unazuia na miguu. Siku ya kwanza inashtua, mwili umezoea kupumzisha miguu ukikaribia kona na hapo pedeli inakuinua kutoka kwa kiti, lakini baada ya wiki mbili hivi unaanza kuisikia barabara kwa nyayo, unajua tairi imeshika ama imeteleza kabla macho hayajaona. Hio ndo naipendea.

Karibu kila kitu kwa hii baiskeli unaeza okota, kuomba, kukata ama kulazimisha kidogo. Vitu vitatu huwezi lazimisha: habu ya nyuma, laini ya cheni, na breki ya mbele. Hivyo vitatu vinataka pesa na subira, zingine zote zinataka tu macho.

Fremu

Sisi huku magharibi tuna bahati ju hii ni nchi ya baiskeli. Boda boda yenyewe ilianza pale mpaka wa Busia miaka ya 1960, watu wakivushwa na baiskeli toka upande mmoja kwenda mwingine, na hapa Kisumu kabla ya pikipiki na tuktuk kujaa, mjini kulikuwa kumejaa baiskeli zenye mto nyuma. Hizo baiskeli hazikupotea. Ziko nyuma ya nyumba huko Siaya, Ugenya, Kano, zimeegemea ghala na kuku wanalala juu yake. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa blakmamba ya babu, ile baiskeli nyeusi nzito ya zamani, niliomba na adabu, akaniuliza nitairudisha lini, nikamwambia nitairudisha ikiwa inatembea.

Blakmamba ina uzuri wake. Chuma ni kigumu, na mdomo wa nyuma, pale ekseli inakaa, umefunguka kuelekea nyuma, kwa hivyo unaeza vuta gurudumu nyuma kukaza cheni. Kwa fiksi hio ndo kitu ya kwanza unaangalia kwa fremu, ju hakuna kile kimkono cha gia cha kukaza cheni, gurudumu lenyewe ndo linakaza. Ubaya wake ni uzito, na gurudumu lake la inchi 28 lina rimu ya milimita 635 wakati baiskeli za resi zina 622, kwa hivyo tairi haziingiliani. Pia habu ya nyuma mara nyingi ina matundu 40 na ya mbele 32, sasa ukinunua rimu ya matundu 36 ukifikiria utahamisha spoki umepoteza pesa. Hesabu matundu kabla hujalipa.

Chaguo la pili, na ndo naona bora, ni fremu ya chuma ya baiskeli ya resi ya zamani, zile mitumba zenye gia 10 ama 12. Mdomo wake umelala kiasi na unafunguka mbele, bado unapata nafasi ya kuvuta gurudumu. Fremu za siku hizi zenye mdomo unaoangalia chini moja kwa moja achana nazo, cheni haitakaa. Beba sumaku ndogo mfukoni, ikishika ni chuma, isiposhika ni alumini. Chuma unaeza panua ama kubana milimita chache pale nyuma ndo habu iingie, alumini ukijaribu hivyo inapasuka.

Kibuye nenda Jumapili asubuhi na mapema, ndo siku kubwa ya soko. Usiangalie rangi, rangi ni ya kupaka. Angalia chini ya fremu pale bomba zinakutana kwa krenki, na pale mbele chini ya usukani, piga na kucha, angalia kama rangi imevimba ama imepasuka kwa mstari. Mstari wa kutu kwa kona ya bomba ni ufa, weka chini uende. Alafu toa uzi mfukoni. Funga kwa mdomo wa nyuma wa kushoto, zungusha mbele kwa bomba la usukani, rudisha mpaka mdomo wa kulia, vuta ukaze. Pima na rula nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikitofautiana zaidi ya milimita mbili tatu hio fremu imepinda, iliwahi kugongwa. Mzee mmoja muuzaji aliniona nikifanya hivyo akaniambia, "Kijana yangu, wewe unanunua baiskeli ama unapima shamba?" Lakini mwishowe alinipunguzia bei ju tuliona wote wawili uzi umeegemea upande mmoja.

Pima pia upana wa ndani pale nyuma, kati ya mdomo na mdomo. Habu ya fiksi ya kawaida ni milimita 120. Fremu za gia 10 nyingi ni 120, za gia 12 ni 126, hapo unaweka washa za kujaza milimita tatu kila upande wa ekseli na imetosha. Baiskeli za milima ni 135, hizo tutazirudia.

Habu ya nyuma, hapa soma polepole

Friwili ya kawaida inajikaza yenyewe kwa habu, kila ukikanyaga unaikaza zaidi, thredi inaenda upande wa saa. Sasa kwa fiksi wewe pia unasukuma nyuma ukizuia, na ukisukuma nyuma unafungua. Ndo sababu habu ya fiksi ya kweli ina thredi mbili: moja kubwa ya sproketi, na nyingine ndogo kidogo nje yake inayoenda kinyume, ya lokringi, pete ya kufunga sproketi. Sproketi ikitaka kufunguka inasukuma lokringi, na lokringi kwa vile thredi yake ni ya kinyume inazidi kukaza. Ni akili safi sana hio, zinashikana zenyewe.

Habu zingine zina thredi pande zote mbili, huku fiksi huku friwili, unageuza gurudumu tu. Hio ni ya kitambo. Mashindano ya Tour de France yalianza 1903 na gia za kuhamisha cheni hazikuruhusiwa mpaka 1937, kwa hivyo wakimbiaji walikuwa wanashuka chini ya mlima, wanageuza gurudumu wapate sproketi kubwa, wanaendelea.

Sasa huku kwetu kuna njia ya mkato inajulikana na kila fundi, kuchomelea friwili. Anaweka weldingi pale kati ya meno na kiini, friwili inakufa, haizunguki tena bure, unalipa pesa kidogo unaenda. Mimi fiksi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, na haikuwa na breki ju nilikuwa nimeona video za vijana wa ng'ambo hawana breki. Wiki tatu ilienda poa. Siku moja natoka juu Riat nashuka kuja Mamboleo, nazuia na miguu vile nimezoea, nikasikia kama kitu kimetulia ghafla, miguu ikawa nyepesi, nasukuma nyuma na hakuna kitu inashika. Friwili ilikuwa inafunguka kutoka kwa habu huku nateremka. Weldingi haikuwa na shida yoyote, mpaka leo hio friwili iko kwangu na weldingi yake mzima. Thredi ndo ilifunguka, ju hakukuwa na lokringi ya kuishika. Nilielekeza baiskeli kwa nyasi kushoto nikaanguka na bega, mfupa ukavunjika, mkono ukakaa kwa kombeo wiki sita. Ningekuwa katikati ya barabara ungekuwa unasoma kitu kingine.

Kwa hivyo usichomelee friwili. Kuna mwingine atakwambia weka sproketi kwa habu ya kawaida alafu ukaze juu yake lokringi ya krenki, ju thredi zinalingana, na ni kweli zinalingana, zote ni inchi 1.37 thredi 24 kwa inchi. Lakini zote mbili zinaelekea upande mmoja, kwa hivyo ikianza kufunguka zinafunguka pamoja. Ni afadhali kuliko weldingi peke yake lakini bado sikushauri, na ukiamua kufanya basi breki za mbele na nyuma zote mbili ziwepo.

Njia nzuri ziko mbili. Ya kwanza ni kungoja habu ya kweli, inapatikana kwa mitumba zinazotoka Uingereza, wauzaji wengi hawajui ni nini, wanaona tu habu ya gia moja. Igeuze, angalia kama kuna thredi hatua mbili, kubwa na ndogo. Ile ndogo jaribu na kucha ama na lokringi, inaingia kwa kuzungusha kinyume cha saa. Njia ya pili ni habu ya diski. Baiskeli nyingi za milima za mitumba zina habu ya nyuma yenye matundu sita ya kufunga diski ya breki, hayo matundu yako kwa duara la milimita 44 na boliti zake ni za milimita 5. Unageuza gurudumu, upande wa diski unakuwa wa cheni, na sproketi yenye matundu sita inafungwa hapo na boliti. Hio haifunguki hata usukume vipi. Sproketi za hivyo zinauzwa mtandaoni, ama fundi wa mashine ya lethi anaeza kutobolea sproketi nene ya chuma, lakini peleka diski yenyewe kama kipimo, na sproketi ikae katikati kabisa, ikiwa imeenda kando hata milimita moja cheni itakaza na kulegea kila mzunguko. Hapa sasa unahitaji fremu ya milima ya chuma ya zamani yenye mdomo uliolala, ju habu ni 135. Na ile ekseli yenye tundu ya kufunga kwa mkono ibadilishe uweke nzima ya nati, cheni ya fiksi inavuta pande zote mbili na gurudumu litahama.

Gia

Watu wanachukua gia kubwa ju inaonekana ya nguvu. Alafu wanateseka Riat. Hesabu ni rahisi, gawa meno ya mbele kwa meno ya nyuma, zidisha na mzunguko wa tairi. Tairi ya 700 nyembamba ni karibu mita 2.1. Ukiwa na 44 mbele na 18 nyuma unapata 2.44, kila mzunguko wa pedeli unaenda mita 5.1 hivi. Ukipiga pedeli mara 90 kwa dakika uko karibu kilomita 28 kwa saa, na hio kwa barabara ya Ahero ambayo ni tambarare uwanda wote wa Kano ni mwendo mzuri kabisa. Mtu wa Kisumu aanze na 44 kwa 18 ama 46 kwa 18. Kama unaishi Nakuru na unapanda kwenda Milimani kila siku ama uko Kakamega, 42 kwa 18 si aibu.

Kitu kingine watu hawajui, ukizoea kufunga gurudumu na miguu ukateleza, tairi inaisha pahali palepale kila mara, ju miguu yako hufunga ikiwa kwa pozi moja. 48 kwa 16 ni tatu kamili, kwa hivyo tairi inaishia sehemu moja tu na utaitoboa haraka sana. 44 kwa 16 inakupa sehemu nne. 44 kwa 17 inakupa sehemu 17. Tairi ni pesa, chagua meno yasiyogawanyika.

Krenki na cheni

Krenki ya blakmamba inashikwa na kotapini, ile pini ya kugonga inayoshika mkono wa krenki kwa ekseli. Inafanya kazi lakini fiksi inaisumbua, unakanyaga mbele unazuia nyuma, pini inalegea na inaanza kugonga. Kama huna nyingine, weka pini mpya, na ukigonga na nyundo weka bomba la chuma chini ya mkono wa krenki lisimame kwa sakafu, usiache nguvu ya nyundo iende kwa boli za beringi ju zitachimba vikombe. Pini mbili zinaingia zikiangaliana kinyume, moja nati yake juu nyingine chini, la sivyo mikono ya krenki haitanyooka. Krenki ya ekseli ya mraba ndo nzuri zaidi, ikaze, tembea kilomita 50, ikaze tena.

Ukifungua vikombe vya krenki kumbuka kwa fremu nyingi cha upande wa cheni kinafunguka kwa kuzungusha upande wa saa, kinyume na kawaida. Fremu nyingi zimeharibiwa na watu wakilazimisha hapo. Toa boli zote, osha na mafuta taa, weka grisi mpya. Boli mpya ni bei ya soda, za krenki ni robo inchi, 11 kila upande, na za habu ya nyuma robo inchi 9 kila upande. Usirudishe zile za zamani zenye madoa.

Cheni nunua ile ya blakmamba, nene, inapatikana kila duka la spea na ni rahisi. Inaingia kwa sproketi nyembamba na nene zote, lakini cheni nyembamba ya gia haiingii kwa sproketi nene. Ile klipu ya kuunga, upande uliofungwa uangalie mbele kule cheni inaelekea, ukiweka kinyume kitu chochote kikigusa kinaivua.

Laini ya cheni. Hapa toa rula tena. Sproketi ya mbele na ya nyuma lazima ziwe umbali sawa kutoka katikati ya baiskeli, ju cheni ya fiksi ikienda mshazari itaruka, na cheni ikiruka kwa fiksi inaeza jifunga kwa habu na gurudumu likasimama papo hapo. Nyuma pima hivi: habu ya 120, nusu ni 60, toa umbali wa kutoka uso wa ndani wa mdomo mpaka katikati ya meno ya sproketi. Kama ni 18 basi laini ni 42. Mbele: pima unene wa bomba la kiti, kwa mfano 28.6, nusu ni 14.3, ongeza umbali wa kutoka ukuta wa bomba mpaka katikati ya meno. Ukipata 42 ama 43 uko sawa. Ikizidi milimita mbili, rekebisha. Krenki za zamani zenye sproketi mbili, ile nafasi ya ndani mara nyingi inaangukia hapo hapo karibu 42, kwa hivyo toa sproketi zote mbili na ufunge moja kwa ndani na boliti fupi. Ikikataa badilisha urefu wa ekseli ya krenki. Usiseme "itajipanga yenyewe", haijipangi.

Kukaza sproketi bila kifaa maalum

Hii nilifundishwa na fundi mmoja mzee na ndo kitu napenda zaidi kwa kazi yote. Paka grisi kidogo kwa thredi, zungusha sproketi na mkono mpaka ishike. Weka gurudumu kwa fremu bila kufunga cheni kwa krenki. Funga kitambaa nene kwa bomba la chini pale krenki inakaa, rangi isichubuke. Chukua cheni ya zamani, upande mmoja uzungushe kwa hio nyumba ya krenki ujifunge wenyewe, upande mwingine ulale juu ya meno ya sproketi ya nyuma. Sasa shika tairi na mikono miwili, geuza gurudumu nyuma. Cheni inashika sproketi isiende, habu inazunguka, sproketi inakaza kwa nguvu ya gurudumu zima, nguvu ambayo huwezi pata na spana yoyote. Utasikia chuma kikilia kidogo "ngii" alafu kinyamaze. Hapo imefika. Toa gurudumu, weka lokringi, kaza kinyume cha saa, kama huna spana yake tumia ya ndoano, usitumie patasi na nyundo ju utakula zile nafasi zake.

Rudisha gurudumu, funga cheni, vuta nyuma. Kaza nati ya kulia kidogo, nyoosha tairi ikae katikati, kaza kushoto, rudi kulia ukaze kabisa na spana ya namba 15. Cheni ikiwa sawa, ukiisukuma katikati na kidole inapanda na kushuka kama sentimita moja hivi. Zungusha pedeli polepole, utapata pahali inakaza na pahali inalegea, hio ni kawaida kidogo, pima pale inakaza zaidi. Ikikaza kama waya inaua beringi, ikilegea sana inaruka.

Ukitaka kunyoosha rimu huhitaji stendi, geuza baiskeli juu chini, funga kebotai kwa fremu uikate ifike karibu na rimu, zungusha, pale inagusa legeza spoki ya upande huo na ukaze ya upande mwingine robo mzunguko. Robo tu. Ukiharakisha unatengeneza nane.

Breki ya mbele

Weka. Najua haipendezi kwa picha. Ukizuia uzito unaenda mbele na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, kwa hivyo miguu pekee inateleza tu, haisimamishi baiskeli, na matatu haingojei. Foku ya resi ina tundu la breki tayari. Ukitumia rimu ndogo kwa fremu ya rimu kubwa hakikisha pedi zinafika kwa rimu na hazigusi tairi, zikigusa tairi itapasuka. Breki ya vyuma ya blakmamba inafanya kazi ikirekebishwa, lakini mvua ikinyesha rimu ya chuma inateleza sana, weka pedi mpya na uanze kuzuia mapema.

Hendo, kiti, na vingine weka unachopata, bora hendo isiwe na ufa na iwe imefungwa na plagi mwishoni, bomba wazi linakata tumbo.

Mikanda ya pedeli usiruke. Mguu ukitoka kwa pedeli inayozunguka na mwendo wa kilomita 30, kuurudisha ni hatari, na pedeli inakuja kukugonga muundi. Mikanda ya dukani ni bei, mimi nilipeleka kipande cha siti belti ya gari kwa fundi wa viatu, akashona mara mbili na uzi wa nailoni uliopakwa nta, akaweka velkro pana ya mkoba wa shule iliyochakaa. Aliniuliza mara tatu ni ya nini, nikamwonyesha, akashona mstari wa tatu bila kuitisha kitu. Hio mikanda ni mwaka wa pili sasa.

Kupanda

Anza kwa uwanja, si barabara. Panda ukiwa umeshika ukuta, zunguka polepole, zoea kutokuacha miguu. Kusimama: punguza na miguu, malizia na breki. Kona usilale sana, pedeli ya ndani inashuka iwe unataka isiwe unataka, na ikigusa lami inakurusha, chukua kona pana na polepole. Kamba za viatu ziingize ndani ya kiatu na suruali ya mguu wa kulia ikunje mpaka goti, ju kitambaa kikiingia kwa cheni ya fiksi hakuna kusimama, kinavutwa na mguu unafuata. Na usiwahi, usiwahi kabisa, kusafisha cheni na kitambaa gurudumu likizunguka kwa nguvu. Kidole kikiingia kati ya cheni na sproketi hakitoki kikiwa kizima. Watoto wakija kuiangalia ikiwa juu chini wafukuze, usione haya.

Siku ya kwanza ya barabara enda Dunga asubuhi kabla ya jua, ni tambarare na magari ni machache. Ukirudi fungua gurudumu, jaribu lokringi tena. Karibu kila mara utaikaza robo mzunguko zaidi ju sproketi imejisogeza ukikanyaga. Rudia baada ya wiki, baada ya hapo itakaa.

Cheni pima kila mwezi na rula ya inchi: jozi 12 kamili za vipande vya cheni mpya, yaani vipande 24 vidogo, pini mpaka pini, ni inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na moja ya nane, itupe siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi, ju inaanza kula meno ya sproketi na sproketi ya nyuma ndo ile ulitafuta mwaka mzima.